Maji Juu ya Kichwa cha Wifi

...na sasa ameiruka, sentensi nzima ya hotuba ameiruka kama mtu arukaye dimbwi, ile ya barabara kuwa mali ya nyayo zinazoikanyaga, iliyomkosesha Ulamila usingizi, Torika ameipita hivihivi na kuingia kwenye habari za mvua, na watu wanacheka, bila shaka wanacheka, Torika akitaja mvua Suva nzima hucheka, kwani si ndiye aliyewasomea utabiri wa hali ya hewa redioni miaka na miaka, akiwaambia leo jua, wakaanika, ikanyesha, wakaanua, na kesho yake wakamwamini tena, nani mwingine katika visiwa hivi angeweza kukosea kila asubuhi na bado akapendwa hivyo, angekuwa Ulamila wangemwandika gazetini, na Ulamila anaukaza mwanzi kwa mikono yote miwili kwa sababu upepo umevuta turubai, mwanzi huu wa katikati ndio uliobeba kila kitu, kamba ya upande wa uzio ilikatika mchana na Ulamila akasema nitaushika dakika moja tu, Kitione alete kamba nyingine, na Kitione amekwenda, na kama walivyo wote wanaotumwa kitu katika kambi hii bila shaka amekutana na kikao njiani, kikao cha kuamua ni kamba gani... Maneno yenyewe ni ya Ulamila, hilo hakuna anayelijua ila Torika na wakili wao Rukmani, kila neno linalotoka kwenye kile kipaza sauti cha kuazima kanisani aliliandika yeye, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu, na kesho watu wa mitaa ya Nabua na Samabula watasema mmesikia alivyosema Torika, Torika ana maneno, Torika amejaliwa, na Ulamila atajibu ndiyo, amejaliwa, atajibu huku akitabasamu, maana kazi ya mwandishi wa hotuba ni kutabasamu.

Si wivu. Alikwisha kulitafakari jambo hili jana usiku akaona kwamba si wivu, ni suala la kanuni, ingawa ameona pia maishani mwake kwamba mtu akisema ni suala la kanuni huwa ameumwa mahali... Kambi hii ya kupinga sheria ya vibali ni nani aliyeianzisha, nani alikuja wa kwanza na mkeka wake kwenye ua huu wa jumuiya ya akina mama, wakati wengine bado wanatafakari kama ni busara, nani alipanga foleni kuomba kibali cha kuandamana, akanyimwa kwa sababu ya magari, akarudi, akanyimwa kwa sababu ya hali ya hewa, akarudi, akanyimwa kwa sababu siku hiyo kuna mechi ya raga, na mechi yenyewe haikuwapo, alikwenda uwanjani akamkuta mbuzi mmoja, na ndipo yeye, Ulamila, aliposema basi tukae hapa ndani ya geti tuseme mpaka watuchoke, kwa maana ndani ya geti ni kwa watu, unasema utakalo na bango lako mkononi, ila ukitia mguu kwenye lami umevunja sheria, bango lile lile, mdomo ule ule, tofauti ni unene wa geti. Polisi wamesimama upande ule wa uzio chini ya miavuli, wawili, wanakunywa chai ya kambi katika vikombe vya kambi, chai iliyopitishwa kwenye nondo za uzio, kwa sababu mmoja wao ni mtoto wa ndugu wa mtu humu ndani, hapa kila mtu ni mtoto wa ndugu wa mtu, atakukamata huku akikuamkia shangazi. Na leo ndiyo siku ya kukamatwa. Rukmani aliyapanga vizuri, atatoka mmoja tu, peke yake, bila kibali, na bango, atatembea mpaka wamkamate, asibishane, asikimbie, alale ndani, halafu Rukmani apeleke kesi mahakamani amuulize hakimu kama kutembea na maneno yako ni jinai, na jana, walipolizunguka bakuli la yaqona, kile kinywaji cha mizizi cha vikaoni, kuamua ni nani, Ulamila alikuwa amekwisha kupiga pasi gauni lake la bluu. Ndilo hilo alilovaa sasa, limelowa mabegani. Alikuwa amejiandaa kukataa kidogo kwanza, kama inavyotakiwa, aseme wapo wanaofaa kuliko mimi, na watu waseme hapana Ulamila ni wewe, akafungua mdomo, na mtu nyuma huko akasema Torika, wakapiga makofi ya viganja vilivyofumbwa, pwa, pwa, pwa, kifuu kikazunguka, kwisha, hakupata hata nafasi ya kukataa. Rukmani akaeleza kwa nini ni sawa, akasema sauti ile inajulikana kila nyumba, hata hakimu mwenyewe huanika nguo kwa sauti ile, kisha akamgeukia Ulamila, akamwambia kwa upole wa mtu anayempa mtoto kijiko cha kuramba baada ya keki kwisha, wewe ndiwe ubongo wetu... Ubongo. Kitu kinachofungiwa ndani ya mfupa kisionekane na mtu.

Na turubai limefanya tumbo. Ulamila aliliona tangu hotuba inaanza, mvua imejikusanya pale turubai linapolegea, kubwa, limening'inia kama mimba ya mapacha, na chini yake hasa, juu ya kreti ya mikate, amesimama Torika na gauni lake jeupe na ua la msanaka sikioni, amekauka kama biskuti, watu wote humu wamelowa, mikeka imelowa, muhogo umelowa, Torika amekauka. Mwanzi ukishushwa shubiri moja, shubiri moja tu, mtu amechoka, mkono umeteleza, tumbo lote litapasukia pale. Na uzuri wake ni kwamba watu wangecheka. Wangeanguka kwa kicheko, hata Torika angelazimika kucheka, kwa sababu Torika ni mke wa marehemu ndugu yake Isireli, na kati ya wifi na wifi hakuna samahani hapa, ni utani mpaka kaburini, Torika alimficha viatu siku ya mahafali chuoni, Ulamila akapanda jukwaani kuchukua shahada yake na kandambili za mchungaji, na yeye alimtia pilipili kwenye embe siku alipokuwa akienda kuonana na mkuu wa redio, na kila mwaka mpya huviziana na ndoo za maji nyuma ya mlango, na sheria ni moja, ukinuna umeshindwa. Utani ni shuka pana, unaweza kufunika humo hata maiti. Nani angejua? Kipaza sauti kingekufa, gauni lingeshika mwili, hotuba ingekatika, Rukmani angetazama saa yake na kusema hawezi kutoka hivi, nani mwingine yuko tayari, nani ana gauni... hili nalo limelowa, lakini ni bluu, halionyeshi... na vidole vya Ulamila, bila yeye kuviambia kitu, vimelegea kidogo, mwanzi umeshuka kidogo, upana wa kidole kimoja, na uzi wa maji umeanza kuchuruzika kutoka kwenye lile tumbo na kuangukia karatasi mkononi mwa Torika.

Torika hakuinua macho juu. Alimtazama yeye, moja kwa moja, akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Mnamwona wifi yangu yule?" akawauliza watu. "Tangu mchana ameukumbatia mwanzi. Mwacheni jamani, ndicho kitu cha kwanza alichokikumbatia kisikimbie."

Ua mzima uliangua kicheko, wazee, vijana, Rukmani na mkono mdomoni, hata polisi, yule mtoto wa ndugu wa mtu amemwaga chai, na Ulamila akasikia uso wake ukitabasamu wenyewe kama ulivyofundishwa, huku kitu kinamchoma chini ya mbavu, kwa sababu ni kweli, kwa sababu aliyekimbia ana jina na Torika analijua, na deni la utani halilali, akapaaza sauti juu ya mvua, "Afadhali mwanzi, haukoromi. Ndugu yangu ulimkoromea mpaka akahamia kulala na mbwa."

Wakacheka tena, na kicheko hiki kilikuwa chake, kilikuwa kitamu, lakini kilikatikia mahali, kwa wale waliomjua Isireli, na Ulamila naye kikamkatikia... Isireli, ambaye kabla hajawa mume wa mtu alikuwa msikilizaji wake, huko Rewa, Ulamila amesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa anahutubia mto, na mdogo wake wa kiume ameketi kwenye tope anapiga makofi kila akivuta pumzi, hadhira ya mtu mmoja, hakupata tena nyingine kama ile, halafu kijana akasikia sauti redioni ikisema mawimbi ya wastani upande wa Kadavu, akapotea. Isireli alipougua, Ulamila ndiye aliyekaa naye alasiri zote akimsomea gazeti, kurasa zote, hata za raga, na siku moja katikati ya sentensi Isireli aliinua kidole, kidole kimoja, kumnyamazisha, utabiri unaanza. Mgonjwa yule, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, hatoki tena kitanda kile, anataka kujua kama kesho kuna mvua. Na hapo wivu, maana ndilo jina lake, shahada haikubadilisha jina, ni wivu, na haukuanza jana kwenye bakuli la yaqona... shusha, basi, shubiri moja, shusha.

Lakini Torika ameacha kuchekesha. Sauti imeshuka, imekuwa ile ya siku za kimbunga, sauti ambayo watu husimama na kijiko mkononi kuisikiliza. Anasema mume wake alipofariki, miaka ile, aliambiwa achukue kibali ili watu wakae msibani. Hilo halimo kwenye karatasi. Ulamila hakuliandika, hakuthubutu kuliandika. "Nikamuuliza askari," anasema Torika, "na machozi, afande, yanaruhusiwa mangapi?" Ulamila anaiona siku ile, watu wanaiona nusu yake, mjane kwenye kizingiti akimtania askari mpaka askari mwenyewe akageukia ukutani kulia, ila Ulamila alikuwa jikoni baadaye, alimwona Torika akishika birika, na birika linagonga kikombe, tak tak tak, mikono haishikiki, na mdomo haukomi utani, akamtania Ulamila pua yake, nywele zake, kuzeeka kwake bila mtu, maneno ya kukata kama kioo, mpaka Ulamila akamnyang'anya birika akamimina mwenyewe, wala hawakulizungumzia tena. Torika akiogopa hutania. Akiogopa sana hutania vibaya, na humtania aliye karibu... Na Ulamila anatazama, kwa mara ya kwanza tangu hotuba ianze anatazama mkono badala ya gauni, na karatasi inatikisika, upepo haufiki pale lakini inatikisika, na wala si karatasi tena, ni bonge la samawati, wino wote umetiririka mpaka kwenye kiwiko cha Torika, ule uzi wa maji umeimaliza. Amekuwa akisema bila kusoma. Ameshika bonge la wino na anajifanya anasoma, ili watu wadhani hotuba ipo, au ili Ulamila asijue kwamba imefutika.

"Barabara," anasema Torika, "ni mali ya nyayo zinazoikanyaga." Ameikumbuka. Hakuiruka, alikuwa ameiweka, ameileta mwishoni, peke yake, kimya kabla yake na kimya baada yake, na Ulamila anatambua kwa uchungu wa mtu aliyesahihisha insha maisha yake yote kwamba pale ndipo mahali pake, yeye mwenyewe alikosea kuiweka katikati, na jambo hili nalo linamwuma, haliumi kidogo, asije mtu akasema moyo ulisafishika, moyo si sahani. Torika anashuka kwenye kreti. Anampa Rukmani kipaza sauti, anapokea bango, mkono mmoja umetoka samawati hadi kiwikoni, na hapo alipo, chini ya lile tumbo la maji, anasimama, mbele yake hakuna kitu ila geti, geti limefunguliwa, polisi wameweka vikombe chini kwa adabu juu ya msingi wa uzio. Hasogei. Watu wanadhani anaomba dua. Sasa ndipo, kama ni kushusha ni sasa, na tazama, mwanamke yule anatamani, Ulamila analiona hilo wazi kama herufi ubaoni, anatamani maji yale yamwangukie, acheke, watu wacheke, gauni liharibike, mtu aseme basi aende mwingine. Angeshukuru. Angemshukuru mpaka kufa, na Ulamila angetoka na gauni lake la bluu, na wote wawili wangepata walichokitaka, na ungebaki kuwa utani.

Torika akainua macho kwenye turubai, kisha akamtazama yeye. Hakutumia kipaza sauti.

"Hayo nimeyaona toka zamani, wifi," akasema. "Unayamwaga ama huyamwagi?"

Zamu yake. Sheria inataka ajibu, mikono inauma mpaka mabegani, na anachokisikia ni birika, tak tak tak, na kidole cha Isireli hewani, nyamaza, tusikilize kesho.

"Ya mwaka mpya hayo," akasema. "Nakutunzia. Chelewa huko uyakute ya baridi."

Na akausukuma mwanzi juu, ule upana wa kidole, halafu shubiri nzima, kwa mikono, kwa bega, kwa shavu, tumbo la maji likajikunja likarudi polepole kuelekea uzio, likakaa juu ya kichwa chake yeye mwenyewe, zito, linapumua, na Torika bado hajasogea, bango limeegemea goti, geti liko wazi, polisi wanangoja, na bado anamtazama, na Ulamila bado ana wivu, anaujua sasa jinsi unavyojulikana uzito wa kitu ulichokibeba muda mrefu, hauna haja ya jina jingine, ila haumshushi mkono... na nyuma yake Kitione amefika, kumbe amefika, anahema, anasema kamba hii hapa dada, samahani kulikuwa na kikao, niachie mwanzi niufunge, ukapumzike, na Ulamila, macho hayajatoka kwenye lile gauni jeupe, anasikia sauti yake ikisema bado, Kitione, ngoja kwanza, bado.