Viti vya Alhamisi

Siku mama alipoacha kwenda jumuiya, hakuwa mgonjwa wala hakuwa amegombana na mtu. Alikuwa amekaa sebuleni kwake, amevaa gauni la Jumapili, anasubiri wageni. Viti alivipanga kuzunguka meza, vingine vyake, vingine vya kuazima kwa jirani. Mezani alitandika kitambaa cheupe, akaweka msalaba katikati na mshumaa pembeni. Jumuiya yao ilisali kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba, na zamu ya nyumba yake ilikuwa imetangazwa mbele ya watu wote. Jua likazama, mshumaa ukaisha nusu, na hakuna aliyepiga hodi.

Binti yake, ambaye alikuwa mshonaji, alimtazama kutoka nyuma ya cherehani. Alimwona akiinuka, akiuzima mshumaa kwa vidole, akianza kubeba viti vya watu kuvirudisha.

"Labda mvua imewazuia, mama."

"Mvua gani, mwanangu? Au imenyesha kwao peke yao?"

Kosa la mama lilijulikana. Alhamisi iliyotangulia aliuliza swali. Mtoto mchanga wa jirani alikuwa amekataliwa ubatizo kwa sababu aliyemzaa hakuwa na mume, na mama akauliza, bila kupandisha sauti, huyo mtoto amemkosea nani. Hakujibiwa. Mwenyekiti wa jumuiya, muuza nyama ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani, alisafisha koo akasema tumalizie kwa sala. Jibu ndilo lile lililokuja baadaye, viti vitupu.

Mama hakurudi tena jumuiya. Misa ya Jumapili hakuiacha, ila alihamia benchi la nyuma. Alipofariki, Katekista alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema anasikitika lakini utaratibu ni utaratibu: asiyesali na jumuiya hazikwi na jumuiya. Padri hakuja. Kwaya haikuja. Shangazi ndiye aliyeanzisha Baba Yetu makaburini, kilio kikamkaba katikati, na wachimba kaburi wakaimalizia wakiwa wameshika makoleo.

Tangu hapo mshonaji hakukosa Alhamisi hata moja. Haukuwa uchaji uliompeleka. Baba yake alikuwa kitandani, kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta, na alikuwa amebakiwa na ombi moja tu hapa duniani.

"Mimi nataka kuzikwa na padri," alimwambia. "Mama yako tulimzika kama mtu aliyepotea njia. Mimi sitaki."

"Utazikwa vizuri, baba."

"Basi nenda kakae pale. Kaa tu. Mdomo huponza kichwa."

Akawa anakwenda anakaa. Aliimba kwa sauti ya chini, alijibu sala pale palipotakiwa jibu, na zamu zilipozunguka Mizani aliiruka nyumba yao. "Mzee anaumwa, tusimsumbue," alisema kila mara, na mshonaji alimshukuru kila mara. Alijifunza kuogopa kwa adabu.

Ndipo ikaja barua ya askofu. Padri aliisoma kanisani: jumuiya zote zikutane zisikilizane. Kila mmoja aseme anachokiona katika Kanisa lake, kinachomfurahisha na kinachomuumiza, na mwenzake asimjibu. Yatakayosemwa yatapelekwa parokiani, kisha jimboni, na kwenda mbele zaidi. "Semeni bila woga," Padri alihimiza. Mshonaji aliposikia hivyo aligeuka kulitazama benchi la nyuma. Mama alikuwa ameshasema bila woga.

Nyumbani alimweleza baba. Mzee alifikiri kidogo, macho kwenye dari.

"Wakikufikia, sema unamshukuru Mungu, ukae kimya."

"Na wakining'ang'ania?"

"Sema unaumwa jino." Alicheka. "Nisubiri nizikwe kwanza. Baada ya hapo sema mpaka uchoke, mimi sitasikia."

Kicheko kikageuka kikohozi, na mshonaji akamshika mgongo mpaka kilipotulia. Chini ya shati aliihisi mifupa, mmoja mmoja.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa Mizani. Sebule yake ilikuwa pana, televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma, sakafu inanukia sabuni. Katekista alieleza utaratibu. Mshumaa utapita mkono kwa mkono, na anayeushika ndiye anayesema. Wengine wote kimya, hata kuguna hapana. Katika duru ya pili, kila mmoja ataeleza neno la mwenzake lililomgusa.

"Na kile kiti?" mtu aliuliza.

Kulikuwa na kiti kimoja kitupu kati ya vingine, kimetandikwa kitambaa cheupe.

"Hicho ni cha wasiokuwepo," alisema Mizani. "Barua imesema tuwakumbuke. Nimeona kipate nafasi nzuri."

Mshumaa ukaanza safari. Mmoja alisema kwaya ichelewe kidogo kumaliza, mwingine akasema iwahi. Mwingine alilalamikia choo cha kanisa. Bibi mmoja, mkunga mstaafu, aliushika mshumaa kwa mikono miwili akasema, "Mahubiri ni marefu na magoti yangu yamechoka. Mungu anayajua yote mawili." Watu walicheka, Katekista naye akacheka, na sebule ikapata joto la nyumba ya ndugu. Kisha bibi akamgeukia mshonaji akampa mshumaa.

Alikuwa na sentensi yake tayari, ameirudia njia nzima. Namshukuru Mungu. Maneno mawili, mepesi kama uzi. Lakini kiti kile kilikuwa mbele yake hasa. Kilipangwa vizuri, kimenyooshwa kitambaa, na aliyekipanga alikuwa ameketi kando ya kiti hicho, mikono juu ya magoti, anasubiri kwa upole. Alimfikiria baba, na kifua kile kinacholia. Nta ikamdondokea kidoleni na hakuusogeza mkono.

"Mama yangu alipanga viti," alisema.

Sauti ilikuwa nyembamba, akadhani hawakusikia. Akarudia. Akasema siku ile viti vilikuwa vya kuazima, na kwamba vilivyobaki usiku ule mama alivirudisha mwenyewe kesho yake, mchana kweupe, watu wakimwona. Akasema kosa lake lilikuwa swali. Akasema kaburi lake halikupata maji ya baraka. Alitaka kuongeza kwamba baba yake hana hatia katika haya, wamzike, tafadhali wamzike. Badala yake akampa mshumaa aliyefuata.

Kimya kilichofuata kiliagizwa na barua, lakini hakuna aliyekuwa akikifuata kwa sababu ya barua. Tone la bomba lilisikika jikoni.

Katika duru ya pili watu waliguswa na kwaya. Waliguswa na choo. Mshumaa ulizunguka, kila mmoja akilikwepa neno la mshonaji kama alivyokwepwa mama, mpaka ukafika kwa mkunga.

"Mimi nimeguswa na viti," alisema. "Siku ile nilipita pale. Niliuona mshumaa dirishani. Nilikuwa nimeambiwa nisiingie, nikashika njia yangu."

Hakuna aliyeuliza nani alimwambia. Macho yote yalishuka sakafuni. Mshumaa ulipofika kwa Mizani, aliutazama mwali kwa muda.

"Mimi nimeguswa na mahubiri," alisema. "Kweli ni marefu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Katekista aliweka kalamu chini na kufunga kwa sala, na ameni zikaitikiwa kwa kupishana.

Mshonaji alikuwa anavaa viatu mlangoni Mizani alipomfikia na kuinama karibu naye.

"Mzee anaendeleaje?"

"Anapumua."

"Eh. Mwambie tunamkumbuka."

Mshonaji alimtazama usoni, akitafuta kama yale ni pole au ni kitu kingine. Uso wa mtu anayepima nyama hausomeki. Kisha Mizani akanyanyuka, akapaza sauti wote wamsikie. "Wapendwa, Alhamisi ijayo tunasali nyumbani kwa huyu dada yetu." Zamu ile ya mama nayo aliitangaza vivyo hivyo, kwa sauti ileile.

Baba alikuwa macho.

"Umesema unamshukuru Mungu?"

"Hapana."

Mzee alifumba macho. Mshonaji alisubiri kugombezwa, na kugombezwa hakukuja, jambo lililomtisha zaidi.

"Sauti ilitetemeka?" aliuliza hatimaye.

"Ilitetemeka, baba."

"Ya mama yako haikutetemeka." Akavuta pumzi kwa shida. "Hapa ndani tuna viti vya kutosha?"

"Havitoshi."

"Kaazime, basi."

Leo ni Alhamisi. Viti vimeazimwa kwa jirani yuleyule na vimepangwa kuzunguka meza. Kitambaa kimetandikwa, baba ameomba kitanda chake kisogezwe karibu na mlango wa sebule ili aone, na mshonaji amewasha mshumaa.