Bakuli la Hakimu

Siku ya nne tangu aanze kuwekewa chakula kikavu badala ya mabaki ya mezani, Hakimu alilifunika bakuli. Alikiuma kitambaa cha kupigia deki, akakiburura kutoka penye ndoo hadi kwenye kona yake ya jikoni, kisha akakisukuma kwa pua mpaka punje zote kavu zikafichika. Alipomaliza akakaa kando, mgongo wima, bila dalili ya majuto. Alikuwa mbwa mzee wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, na jina hilo alipewa na wateja wa buchani kwa sababu hakuwahi kula kitu kabla ya kukinusa pande zote na kukitolea uamuzi.

"Anajidai tu," alisema mwenye nyumba, akifunga vifungo vya shati lake la kazini. "Njaa itamtia adabu."

Mwenye nyumba alikuwa ofisa mauzo wa kampuni ya vyakula vya mifugo, na chakula kilichofunikwa pale ndicho alichokuwa akikipigia debe madukani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hiyo tusishangae kwamba alilichukulia tusi lile kama lake mwenyewe.

"Jumamosi asubuhi lori letu linakwenda ghalani," aliendelea. "Kama hajala mpaka siku hiyo, ataondoka nalo. Kule mbwa wa ulinzi hawachagui."

"Atakufa kule," alisema mama yake kutoka mezani.

"Hawezi kufa njaa na chakula kipo mbele yake, Mama. Na wewe kula, chakula kinapoa."

Sahani ya mama ilikuwa na viazi vilivyopondwa na nyama iliyokatwa vipande vidogo kama maharagwe. Mwanawe aliikata mwenyewe kila mlo, kwa uangalifu mkubwa, na hakutia chumvi. Mama aliinua kijiko, kikabaki hewani. Alimtazama mbwa, akaitazama sahani. Kwa miezi minane amekuwa akila kila alichowekewa, na hata siku moja hakufunika kitu. Aibu ikamshika, na nyuma ya aibu ikaja hasira, hasira safi ambayo hakuwa ameionja tangu siku aliyoanguka. Akaila ile nyama, lakini aliila akiwa ameshakata shauri.

Watu walimwita Mama Bucha, na jina halikuwa la mapambo. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama nyuma ya meza ya bucha lake, aproni kiunoni, akitenganisha nyama na mfupa bila hata kuangalia, huku akiwatania wateja. Kisha kiharusi kikamwangusha mchana mmoja kati ya mteja na mteja. Mguu ulirudi, kwa msaada wa fimbo. Ulimi ulirudi, tena mkali kuliko zamani. Ila mkono wa kulia ulibaki kama wa kuazima. Mwanawe alifunga bucha, akamhamishia mama na mbwa nyumbani kwake, akavifunga visu vyote kwenye magazeti na kuviweka juu ya kabati la nguo. Alifanya yote hayo kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yaliyomfunga mama mdomo. Angekuwa mtu mbaya, angemwambia.

Mlango ulipofungwa na gari likaondoka, Mama Bucha alichukua ufagio, akaingia chumbani, akalisukuma lile furushi kwa mpini mpaka likaanguka kitandani. Akachagua kisu kimoja, kile chembamba kilichonolewa miaka mingi hadi kikabaki na upana wa kidole. Mpini wake ulikuwa umelika kwa umbo la kiganja cha kulia. Akakishika kwa kushoto. Kilimkataa, kama kiatu kilichovaliwa mguu usio wake.

"Utanizoea," alikiambia.

Kisha akafungua geti na kutoka, yeye na fimbo na Hakimu, kwa mara ya kwanza bila mtu wa kumshika kiwiko. Bucha la aliyekuwa mshindani wake lilikuwa mtaa wa pili. Kwa miaka mingi wawili hao waliibiana wateja kwa heshima zote.

"Mama Bucha!" mshindani alipiga kelele, macho yamemtoka. "Umekuja kunikagua mizani?"

"Mizani yako naijua tangu zamani. Leo nataka nyama ya shingo, moyo, mbavu changa zenye mifupa laini, na ini."

"Karibu kiti. Nikukatie vipande vidogo vidogo?"

"Nipe vizima. Kukata ni kazi yangu."

Mshindani aliutupia jicho ule mkono wa kulia, akataka kusema neno, akalimeza. Akafunga mzigo na kuutia kwenye begi la mgongoni la mama, asije akatumia mkono.

Kipande cha kwanza alikata vibaya. Cha pili vibaya zaidi. Kisu kiliteleza, nyama ikakimbilia ukingoni mwa ubao, na Mama Bucha akamtukana ng'ombe mzima na ukoo wake. Hakimu hakusogea. Alisubiri kama alivyokuwa akisubiri buchani, na kusubiri kwake kulikuwa na imani ileile. Aliubana mzigo wa nyama kwa kiwiko cha mkono uliokufa, akaegemea meza, akaanza upya. Kufikia saa tano alikuwa na kilima kidogo cha vipande visivyolingana. Akazimwaga punje kavu pembeni, akakiweka kilima chake kwenye bakuli na, mizani ya kichwani ilipotulia, mkono ukaenda wenyewe kwenye ini, ukakata kipande kinene, ukakitupa juu.

Hiyo ndiyo nyongeza. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mteja aliyetoka kwa Mama Bucha bila nyongeza, na nyongeza yake siku zote ilikuwa ini. Wengine wakiwatupia wateja mafuta na mishipa, yeye alitoa ini, na ndiyo maana mshindani hakulala usingizi.

Hakimu alinusa kaskazini, akanusa kusini. Kisha akala, na bakuli likasukumwa kwa ulimi mpaka likagonga ukuta. Mama Bucha alikaa kwenye kigoda, akalia kidogo, akanawa mikono, akasugua ubao kwa maji ya moto na kuzirudisha punje kavu kwenye mfuko wake.

Jioni mwanawe alikuta bakuli linang'aa.

"Si nilikwambia?" alisema kwa furaha. "Amenyoosha mikono."

"Umesema kweli," alijibu mama, akajitia hamnazo.

Jumatano hivyohivyo, na Alhamisi vilevile. Mkono wa kushoto ulianza kupata akili. Hakimu aliongezewa ini kila alipomaliza, kwa sababu mteja mzuri huyo alistahili nyongeza mbili, wakati mwingine tatu. Mwanawe naye alikwenda kazini akawasimulia wenzake, na hata wenye maduka, kwamba chakula cha kampuni yao kimemshinda mbwa mkaidi kuliko wote.

Ijumaa jioni tumbo la Hakimu lilitoa siri. Lilianzia sebuleni, likapitia ukumbini, likamalizikia ndani ya kiatu cheusi cha ofisa mauzo. Mwana alikimbilia jikoni kutafuta ndoo, akafungua friji kuchukua maji, na nyuma ya majagi akakuta mbavu, moyo na nusu ya ini. Juu ya sinki, kile kisu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Umenidanganya, Mama."

"Nimekudanganya."

"Unaona ulichomfanyia? Kesho anaondoka. Na kisu hicho nipe."

"Mwite daktari kwanza."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, anayezungumza na wanyama kwa upole na watu kwa haraka. Alimpapasa Hakimu tumbo, akamtazama fizi, akauliza amekula nini. Mama Bucha alitaja kila kitu, bila kuficha.

"Ini kiasi gani?"

Mama alionyesha kwa mkono. Daktari akacheka mpaka akaegemea friji.

"Mama yangu, nani alikufundisha kumpa mbwa ini lote hilo?"

"Ni nyongeza," alisema Mama Bucha, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimtoka kwa sauti ndogo.

"Nyongeza hiyo ndiyo iliyomharisha. Tena umembadilishia chakula ghafla. Apumzishe tumbo, maji tu. Kesho asubuhi mpe nyama kidogo, mfupa laini mbichi, usiupike kamwe. Ini lisizidi kidole. Na mikono na ubao vioshwe kila mara."

"Si ni afadhali arudi kwenye chakula kikavu?" aliuliza mwana.

"Chakula chenu hakina ubaya. Yeye ndiye hakitaki." Daktari alifunga mkoba wake. "Mbwa ni wa nani?"

Mwana alifungua mdomo.

"Wangu," alisema Mama Bucha.

Daktari alipoondoka, mwana alinyoosha mkono apewe kisu. Mama akakitia kwenye mfuko wa aproni. "Kesho. Akishakula, nitakukabidhi mwenyewe."

Jumamosi jua lilipoingia dirishani, mama alikuwa ameshatandaza ubao. Mwana aliingia na kamba mkononi. Kisu kilipogonga ubao mara ya kwanza, alishtuka kama aliyepigwa.

"Hujui nilikukuta vipi siku ile," alisema. "Umelala kifudifudi, na kisu kiko hapa." Aligusa shingo yake mwenyewe, chini ya sikio. "Hapa, Mama. Hakimu anabweka, watu wamesimama tu. Mpaka leo nikisikia kisu hicho kikigonga ubao mwili unanisisimka."

Hakuwahi kumwambia. Mama Bucha alimtazama, akamwona alivyokonda usoni, akamwonea huruma iliyomchoma.

"Pole, mwanangu," alisema, na alisema kwa moyo wote. Lakini hakukiweka kisu chini. "Wewe ulinikuta sakafuni siku moja. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimesimama. Mbona ile siku moja ndiyo unayonihesabia?"

Mwana aliitazama kamba mkononi mwake.

"Kaa," alisema mama.

Hakimu akakaa. Mwana naye, bila kujijua, akavuta kiti akakaa.

Mama akakata mbele yao wote wawili. Hakuharakisha. Kiwiko cha kulia kilibana, mkono wa kushoto ulipita taratibu kando ya mfupa, na nyama ikaachia. Mara moja kisu kiliyumba, mwana akanyanyuka nusu, mama akamtazama, naye akarudi chini. Bakuli lilipopata kiasi chake, mkono ukaenda kwenye ini kwa mazoea. Ukasita. Mama Bucha alivuta pumzi, akakata kipande cha kidole, akakiweka juu, na kilichobaki akakisukuma mbali kwa mgongo wa kisu. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote.

Nje lori lilipiga honi. Hakimu alikuwa ndani ya bakuli, hakuinua hata sikio lake zima.

Mama alikipangusa kisu, akakigeuza, akamkabidhi mwanawe mpini kwanza, kama alivyoahidi. Honi ikalia tena. Mwana alisimama katikati ya jikoni, kamba mkono huu, kisu mkono ule. Kisha akaitundika kamba nyuma ya mlango, akatoka kwenda kusema na dereva.

Aliporudi alikiosha kisu kwa maji ya moto. Akatafuta gazeti kwa macho, akaacha, akakitia kwenye droo pamoja na vijiko.

Mchana alimwekea mama sahani yake: viazi vilivyopondwa, nyama ya vipande vidogo kama maharagwe. Mama Bucha aliitazama. Akachukua kitambaa cha mezani, akakikunjua, akaifunika sahani taratibu, pembe zote nne. Kisha akakaa mgongo wima.

Mwana alimkodolea macho. Akamwangalia Hakimu aliyelala chini ya meza, akamrudia mama. Mdomo ulimcheza, haikujulikana kama anataka kulia au kucheka. Akaichukua sahani bila kuifunua, akaingia jikoni. Mama alisikia sufuria ikifunuliwa, kisha droo ikivutwa, na vijiko vikigongana.

Alirudi na pande zima la nyama, lenye mfupa wake. Kando yake aliweka kile kisu, akakisogeza kidogo, akakisogeza tena, mpaka mpini ukaelekea mkono wa kushoto.

"Na chumvi?" aliuliza Mama Bucha.