Damu ya Kulinganishia

"Nani kachafua hii damu?" Profesa anauliza, glavu hajavua, anainamia meza kana kwamba swali limemwagika pale... damu ya mtu mzima wa afya, ile inayowekwa kando ya damu za wagonjwa wa saratani ya ngozi ili zilinganishwe, na hiyohiyo ya mzima ndiyo imetoka na jeni mbovu, ile ya breki, inayoiambia seli basi, inatosha, acha kugawanyika, "wagonjwa breki zao nzima, mzima ndiye hana, inaingia akilini? Baba Pacha, si wewe uliyepakia mashine?" na Baba Pacha, "Mimi nilikosea hesabu ya watoto tu, Profesa, damu sijawahi," maabara nzima inacheka, na mtafiti aliyesimama nyuma yao, mwanamke, naye anacheka, amechelewa kidogo, wameona? Ijumaa chupa za wachangiaji zilikuwa zimekwisha, akajifunga mpira mkononi, akajichoma sindano, nani mzima kumzidi yeye, doa la kisiginoni halihesabiki, kiatu tu kinabana, plasta ya nne wiki hii, kiatu... na mguu wa mama, kidonda cheusi kilichokataa kupona, shangazi wakasema kakanyaga kitu cha watu, ni majirani hao, ni kijicho, naye na digrii yake akawabeza waziwazi msibani, haya, msomi, kiatu chako na majirani wa shangazi vina tofauti gani? breki peke yake si ugonjwa, amewafundisha wanafunzi mwenyewe, kwa mbwembwe, chaki mkononi, kwanza breki inakufa, halafu jeni nyingine inakwama kama swichi, seli haizimiki, halafu ya tatu inazipa miguu, zinasafiri, matezi ya kinena, mapafu, ini, na asubuhi bafuni kidole kiligusa kitu kinenani, kama punje ya haragwe, ilikuwa sabuni, sabuni gani ina ukubwa wa haragwe... na mtoto wake, nusu kwa nusu, amerithi au hajarithi, leo akimvisha soksi aligeuza unyayo wake kwenye mwanga, akaugeuza tena, "Mama, unanitekenya!", ukapita mweupe, msafi, miaka sita tu, na marehemu mama naye aliwahi kuugeuza unyayo wa binti yake hivi? "Basi itupwe," Profesa anasema, "tuandike imechafuka, na Baba Pacha, barua ya onyo utaikuta mezani," Baba Pacha hacheki tena, itupwe, rahisi hivyo, kichupa kimoja kwenye pipa la manjano, naye mwenye damu anarudi kuwa mzima, mzima kwa karatasi, na kisigino kinawaka ndani ya kiatu, na pipa liko wazi, na mkono wa Profesa umeshakishika kichupa...

"Usitupe." Sauti nyembamba, ya nani hii. "Haijachafuka, Profesa. Nilijichoma mwenyewe, Ijumaa. Hiyo ni damu yangu."