Kushindwa kwa Adabu

Sisi makocha wa skwoshi tunalipwa ili tushindwe. Watu hudhani tunafundisha. Mteja anafunga ofisi yake, anakuja klabuni kwetu Kansanga, anajifungia nawe ndani ya kuta nne mkiupiga mpira ukutani kwa zamu, na anataka kurudi nyumbani mshindi. Basi unashindwa kwa adabu: kumi na moja kwa tisa, unahema, unashika kiuno, unasema leo umeniweza. Ukishindwa vibaya mno atashtuka. Ukishinda, kesho anatafuta kocha mwingine.

Aol alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Binti huyu wa polisi hakuwa na wa kumfikia Kampala nzima kwa kucheza, wala kwa kushindwa vizuri. Kila Jumamosi alishindwa na mwenyekiti wetu, Afande Odyek, mwanajeshi mstaafu ambaye tumbo lake lilistaafu kabla yake.

Mwaka huu klabu ikaanzisha mfuko wa kuwasaidia makocha. Mmoja angepelekwa Nairobi kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa, jambo ambalo Aol alilitamani tangu akiwa msichana wa shule. Sote tukajua nafasi ni yake. Kamati ikakaa, Afande akacheka.

"Aol? Huyu mimi napiga yeye kila Jumamosi. Tutume yeye Nairobi alete aibu?"

Kamati ikaona hoja ina nguvu. Mimi damu ilinichemka.

"Dada Aol, umupige!" nilimwambia kwa Kiswahili cha kwetu. "Umupige mbele ya batu bote. Unaogopa nini? Mimi Guerschom, ningekuwa wewe, ningemumaliza!"

Jumamosi akampiga kumi na moja kwa mbili. Hizo mbili zilikuwa za mazoea tu. Wanachama walitazama nyuma ya kioo kama wako msibani. Afande akaketi sakafuni akitiririka jasho, akauliza kwa sauti ndogo, "Na zile Jumamosi zingine?"

Aol angesema kweli pale, yangeisha. Lakini akaingiwa na huruma.

"Bambi, pole, Afande. Leo goti yako ilikuwa nasumbua."

"Eeh! Goti!" Uso wake ukarudi kung'aa.

Kwa kuwa mwenyekiti alikuwa mgonjwa, kamati ikafuta matokeo na kuagiza mechi irudiwe. Nilitamani kumzaba Aol kofi, ila tayari alikuwa analia.

Jumamosi iliyofuata Afande alikuja na bandeji kwenye goti ambalo halijawahi kumuuma, akaivua mbele yetu sote. "Sasa goti iko sawa kabisa!" akatangaza. Aol akamtazama, akainama kufunga kamba za viatu. Kumi na moja kwa sifuri. Goti lilikuwa limepona hadharani, kwa hiyo mzee hakuwa na pa kujificha. Akatia sahihi barua ya kumpeleka Aol Nairobi.

Aol yuko Nairobi sasa. Ameshinda mechi ya kwanza, nami nimefurahi hadi machozi.

Ila Afande alihitaji kocha wa Jumamosi, akanichagua mimi. Leo tumecheza. Ulinijia mpira mmoja mzuri, wa kummaliza kabisa. Nikamwangalia Afande, nikawakumbuka wanangu na sahani zao. Kumi na moja kwa tisa. Nikashika kiuno, nikahema.

"Afande, leo umeniweza."

Akanipigapiga begani kwa upole.

"Guerschom, wewe najaribu. Lakini Nairobi, bado."