Tone Lililobaki Refu

Matano, mtunza maabara wa shule moja ya Kibaha, alikuwa Mzaramo. Mwalimu Leodegar, Mnyamwezi. Basi makabila yao ni watani, na mtani hana amani. Mwaka mzima wa sabini na nane Matano alimwamkia kwa kumzika: leo umeme utakula nyama ya Tabora, sanda nimeshakupimia. Mwalimu naye hakubaki nyuma. Jumatatu moja alimpokonya ufunguo wa kisanduku cha swichi kuu, akautia mfukoni, akasema utakombolewa kwa kuku.

Mwalimu alikuwa na tone lake la majaribio, la kimiminika cha ajabu. Kimiminika hicho kilitoka ng'ambo ndani ya kichupa. Kilitiririka kama mafuta, lakini chembe zake zilijipanga kama askari wa gwaride. Tone lenye ukubwa wa choroko lilielea kwenye bakuli la mafuta, katikati ya vibati viwili. Vibati vikitiwa umeme mkali kutoka kwenye mashine ya mezani, tone linarefuka na kuchongoka kama punje ya mchele. Umeme ukikatwa, linarudi duara.

Alhamisi ya wiki hiyo asubuhi, akifagia chini ya meza, Matano aliona panya wametafuna waya unaotoka ukutani kwenda kwenye mashine. Shaba ilikuwa wazi, pale pale mwalimu anaponyoosha miguu. Kuugusa hakuthubutu kabla ya kuzima swichi kuu.

Mwalimu alipoingia, Matano alimweleza yote, akamwomba ainame aone. Mwalimu alikataa kuinama. Mara ya mwisho aliinama kutafuta nyoka wa kubuniwa na Matano, na shule nzima ikacheka wiki mbili.

"Mwalimu, leo sitanii. Naomba ufunguo."

Leodegar alimtazama uso ule mkavu, akacheka hadi akafuta machozi. "Hii umeipika vizuri, mtani. Lete kuku."

Matano alitoka mbio mpaka kwake Tangini. Mkewe Mwanaamina alikuwa shambani, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwomba ruhusa. Alimkamata tetea aliyekuwa anaatamia, akarudi naye kwapani, njiani watu wakimuuliza amemwiba wapi. Alizidi kukimbia.

Maabara ilikuwa kimya, isipokuwa mashine iliyokuwa inavuma. Stuli ilikuwa imeanguka. Mwalimu alikuwa chini ya meza, hatikisiki, mguu wake umelalia ile shaba iliyo wazi.

"Mtani," Matano aliita. "Kuku huyu hapa."

Ndani ya bakuli tone lilikuwa refu, limechongoka, limetulia. Alilikodolea macho, akingoja lirudi duara. Lisingerudi mpaka swichi kuu izimwe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwalimu, ambaye sasa hagusiki.