Shamba Lililokwenda Kupimiwa Trekta

Asubuhi ya kwenda kununua trekta, mshonaji aliwamwagia kuku chakula, akaitundika tepu yake shingoni kwa mazoea, kisha akatoka nyuma ya nyumba akalikunja shamba. Alianzia kona ya mferejini, akalikunja kwa urefu, halafu kwa upana, jinsi anavyokunja vitambaa vya wateja, akahakikisha mahindi yanalalia upande mmoja yasivunjike. Cherehani ilishamfundisha kwamba saizi haiulizwi kwa mdomo. Wateja wote husema wao ni wembamba.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amejitolea kumpeleka kwa pikapu, maana, alisema, wauza mashine wakimwona mwanamke peke yake humbambikia mikweche. Alimsaidia kupakia furushi. Gari likakaa chini.

"Shemeji, umeweka nini humu?"

"Shamba."

"Lote?"

"Sitaki kubahatisha."

Shemeji alilipiga teke gurudumu la nyuma, akasema limepungukiwa upepo. Njia nzima alimshauri achukue trekta dogo kabisa, lile la kushika kwa mikono unalifuata kwa miguu. "Shamba lenyewe kiganja," alisema. "Ukinunua kubwa, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti umeshafika mwisho." Mshonaji aliguna tu, kama anavyowagunia wateja wanaotaka nguo ya kesho leo.

Uwanja wa matrekta ulikuwa na sakafu ya saruji iliyofagiliwa vizuri, na muuzaji aliyekuwa bado na kikombe cha chai mkononi.

"Shamba lina ukubwa gani, mama?"

Mshonaji akalikunjua. Lilitandaa likapita trekta dogo, likapita la kati na lile kubwa, likakizunguka kibanda cha mlinzi, naye akainua miguu lipite, kisha akaishusha kwenye mahindi. Halikuishia hapo. Baada ya mahindi ilikuja senyenge, imesimama wima na nguzo zake, na baada ya senyenge vikaja vitunguu vya shemeji, tuta kwa tuta, pamoja na bomba lake la maji likiwa bado linatiririka, na koti la mvua alilokuwa amelisahau juu ya nguzo. Vitunguu viliishia getini.

Mshonaji aliinama akaitazama senyenge kwa jicho la kazi. Ilipita katikati kama mshono wa fundi mwenye haraka: matuta ya upande huu yaliendelea upande wa pili bila kupinda hata kidogo. Ilisimamishwa wiki ya msiba, yeye akiwa ndani na waliokuja kumpa pole, na alipotoka akaambiwa ilikuwepo siku zote. Moyo ulimuuma vilevile kama siku ile.

"Huu upande wa vitunguu ni wa nani?" muuzaji aliuliza.

Shemeji alikohoa. "Umeandamana tu na mwenzake. Udongo wa kipindi hiki unanata."

"Unanata kweli," alisema muuzaji, akitazama viatu vyake. "Lakini mimi nauza kwa shamba ninaloliona. Hili, mama, chukua la kati. Dogo litakutoa roho."

"Dogo linatosha," alisema shemeji.

Mshonaji alivua tepu shingoni, akapima kutoka ukingo wa mferejini hadi getini, akaipitisha chini ya senyenge bila kuuliza mtu. Akasimama, akajipangusa magoti. "La kati," alisema. "Nguo hukatwa kwa mwili, shemeji, si kwa maneno."

"Haya bwana. Shamba ni lako."

Muuzaji alimsikia, na mlinzi alimsikia. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni neno la kumshika nalo mtu.

Jioni walilitandika shamba mahali pake. Nguzo za senyenge ziliingia kwenye mashimo yake zenyewe. Shemeji akachukua koti lake, akavuka kwenda kwake.

Trekta ni zuri, halisumbui kuwaka. Taabu yake ni moja: likifika kwenye senyenge husimama, pua imeelekea vitunguuni, na halirudi mpaka libembelezwe. Msimu ulipofika shemeji alikuja kuliazima. "Lile lako kwangu limeenea barabara," alisema. Mshonaji akampa ufunguo, kwani mjane anayemnyima shemeji yake trekta husemwa hadi kisimani.

Kipande cha vitunguu nacho kimejizoesha. Jua likizama hupenya chini ya senyenge, kikaja kulala upande wa mshonaji, karibu na trekta. Yeye hukisikia kikijinyoosha, akafurahi, akalala vizuri. Asubuhi hukirudisha mwenyewe kwa mkono, kwa maana vitunguu vina mwenyewe.