Viatu vya Amisa Mkononi

…na viatu anavyo Sikudhani mkononi, vyeupe, vya kifungo, na mtoto wake yuko pale peku na beseni kichwani, mara ya tatu sasa anatembezwa kutoka kwenye dimbwi hadi kwa mzungu mwenye kamera ya sinema, kana kwamba mtaani Dilala hakuna bomba, kana kwamba bomba haliko nyuma ya nyumba yao, tena linavuja… «Encore!» anasema mzungu, yaani tena, na Sikudhani anasaga meno, maana jana alimsuka Amisa, asubuhi akamwogesha, akampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akamvalisha gauni la Idi, picha ni picha, nani huenda kwa mpiga picha na matambara, hata marehemu bibi yake Amisa, aliyepigwa picha moja tu maishani, aliazima kitenge, na Amisa akaja na kitabu cha shule, ukurasa mzima ameukariri, atausoma watu wa Ulaya wasikie, atakuwa mwalimu, alisema… halafu Kisimba mkalimani, aliyekuwa Joseph mpaka juzi serikali ilipopiga marufuku majina ya kizungu, na kwa mzungu bado anasema ndiyo kabla hajaulizwa, akakuna kichwa: «Mama Amisa, mumutoshe biatu. Muzungu anasema batoto ba huku habavalake biatu.» Hawavai! Na huyu aliyevaa mbele yake ni nani, jini? Lakini nani alimvua? Si mzungu. Yeye, mama mzazi, huku akichekacheka, eti mgeni asione vibaya, akaipaka vumbi miguu aliyoipaka mafuta, mjinga we, Sikudhani, mjinga mkubwa, na shida wangeziuliza angewaonyesha, zipo, vumbi la mgodi kwenye ugali, kikohozi cha Nasoro, baba Amisa, darasa la watoto themanini, hizo hawakuuliza, wanataka peku tu… «Mama,» Amisa anaita, beseni linatikisika, «mi nitasoma saa ngapi?» «Angalia chini, mutoto, usiseme,» Kisimba anamkatiza, na mtoto anaangalia chini, anatii, kama alivyotii alipoambiwa na mama yake vua, na huko Ulaya watautazama uso huo ulioinama waseme maskini, njaa, wasijue kwamba anamwonea mama yake aibu… hapana. Hapana kabisa. Jua ni lile lile, mzungu yule yule ameinamia kamera, mtoto anarudishwa dimbwini kuanza mara ya nne, ila vidole vya Sikudhani, bila haraka, vimeanza kufungua kifungo cha kiatu cha kulia, kimrudie Amisa mguuni, na kitabu cha shule kiko kwapani mwake.